Sanduku la Maoni na Kufuli ya Kutu: Nani Huulizwa Hospitali ya Akili Inapopangwa?

Ukiingia karibu hospitali yoyote ya serikali huku kwetu utalikuta: sanduku dogo la mbao ukutani, limeandikwa MAONI kwa rangi nyeupe, lina kitundu juu na kufuli pembeni. Mwaka juzi nilikaa chini ya sanduku la namna hiyo kwa karibu saa tatu, nje ya kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimemsindikiza shangazi yangu, ambaye naye alikuwa amemsindikiza mwanawe. Kufuli lile lilikuwa limeshika kutu kiasi kwamba hata mwenye ufunguo angehitaji nyundo.

Shangazi ana miaka tisa ya kazi hii. Anajua kwamba dawa ikikosekana, binamu yangu huwa sawa siku ya kwanza, sawa siku ya pili, na usiku wa nne ndipo anaanza kutembeatembea uani. Anajua nesi gani ukimwomba jambo kwa upole analifanya. Siku hiyo, ndani ya jengo, kulikuwa na kikao cha kupanga wodi mpya. Tulijua kwa sababu chai na sambusa zilipita mbele yetu. Kikao kikaisha, wakubwa wakatoka, gari likaondoka. Hakuna aliyemwuliza shangazi kitu, na ukweli ni kwamba hata yeye hakutegemea kuulizwa. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma.

Mimi nasoma historia ya tiba, na nikiwa na hasira dawa yangu ni maktaba. Nikataka kujua: je, kuna mahali popote ambapo mtu aliyeugua akili, au ndugu zake, aliwahi kuulizwa hospitali iweje? Jibu ni ndiyo, na sehemu nzuri ya jibu hilo ilitokea Afrika, miaka ya 1950. Ila msomaji, usijiandae kwa hadithi tamu moja kwa moja. Kila walioanzisha jambo hili walimsahau mtu fulani.

Tuanzie jirani. Nairobi ilipata hospitali yake ya vichaa (jina lilikuwa hilohilo, bila haya) mwaka 1910, na kuanzia 1924 ikaitwa Mathari. Mwaka 1938 ilikabidhiwa kwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye wakati huo hakuwa na mafunzo rasmi ya magonjwa ya akili. Alikaa hapo hadi 1950. Mwaka 1953 kikatoka kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mchapishaji? Shirika la Afya Duniani. Siyo gazeti la mtaani. Muda mfupi baadaye serikali ya kikoloni ikamtumia kueleza saikolojia ya Mau Mau, yaani kuwapima akili watu waliokuwa wanadai ardhi yao.

Nimemtaja Carothers kwa sababu moja. Tunaweza kudhani kwamba zamani wagonjwa hawakuulizwa kwa kuwa watu walikuwa na haraka, au hospitali zilikuwa maskini. Kweli, zilikuwa maskini. Lakini sayansi yenyewe ilikuwa imeshalifuta swali. Kama kitabu kinasema hata Mwafrika mzima hana fikra kamili, nani atahangaika kumwuliza aliye wodini anataka chakula kiive vipi, au mlango ufungwe saa ngapi?

Sasa panda kaskazini hadi Algeria. Mwaka uleule wa 1953, daktari kijana kutoka Martinique, Frantz Fanon, alianza kazi katika hospitali ya akili ya Blida-Joinville. Wengi tunamjua Fanon wa siasa. Fanon wa wodini hatajwi sana, na kwangu mimi ndiye anayefundisha zaidi. Alikuwa ametoka kufanya kazi Saint-Alban, Ufaransa, pamoja na François Tosquelles, mkimbizi Mhispania aliyeamini kwamba kabla ya kumtibu mgonjwa ni lazima uitibu hospitali yenyewe. Kule wagonjwa walikuwa na klabu yao, gazeti lao, mikutano yao. Fanon akaja na mpango huo mkononi.

Alipewa sehemu mbili: wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Kwa wale wanawake, mpango ukafanya kazi. Vikao, kamati ya sherehe, filamu, kazi za mikono, gazeti dogo la hospitali, na baada ya muda wodi ikachangamka. Kwa wanaume Waislamu, hola. Vikao vilikuwa kimya. Mkalimani anatafsiri, watu wanatazama sakafu. Wakapewa kazi ya kusuka ukili, wakagoma, maana kusuka kwao ilikuwa kazi ya wanawake. Miezi ikapita. Ilikuwa rahisi hapo kusema yale aliyosema Carothers: hawa akili zao ndivyo zilivyo. Fanon na mwanafunzi wake Jacques Azoulay hawakusema hivyo. Mwaka 1954 walichapisha makala wakikiri, waziwazi kabisa, kwamba kosa lilikuwa lao: walichukua mpango uliotengenezwa Ufaransa wakaupachika juu ya watu ambao hawakujua wanaishije, wanakaa na nani, wanazungumza lini na wakiwa wapi.

Basi wakaanza upya. Wakafungua mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, wanaume wakakaa, wakanywa kahawa. Sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa. Msimulizi wa hadithi akaalikwa. Ukatengenezwa uwanja wa mpira. Ukisoma haraka unaweza kuona ni mambo madogo, kahawa na mpira. Lakini hebu fikiria: wale wanaume walikuwa wameshatoa maoni yao kuhusu mpango wa hospitali. Walitoa kwa kukaa kimya. Kazi ya daktari ilikuwa kuutambua ukimya ule kuwa ni jibu. Huwa nawaza ni vikao vingapi vya «ushirikishwaji wa jamii» huku kwetu vimejaa ukimya wa namna ile, na mwandishi wa muhtasari akaandika: wajumbe waliafiki.

Fanon aliondoka Blida baada ya miaka mitatu hivi, vita vya uhuru vikiwa vimeshika moto, na mwaka 1961 akafariki akiwa na miaka 36.

Wakati yeye akihangaika na mkahawa, Mnigeria mmoja alikuwa anakuja na wazo jingine kabisa. Thomas Adeoye Lambo alizaliwa Abeokuta mwaka 1923, akasomea udaktari Birmingham na magonjwa ya akili London. Mwaka 1954 akakabidhiwa hospitali mpya ya Aro, palepale Abeokuta alikozaliwa. Tatizo: majengo yalikuwa hayajakamilika. Wagonjwa wapo, vitanda hakuna. Mtu mwingine angeandika barua wizarani akasubiri. Lambo akatazama vijiji vilivyoizunguka hospitali.

Akakubaliana na wanakijiji wapangishe vyumba kwa wagonjwa. Wenye nyumba walipata kodi, wengine walikopeshwa fedha waongeze vyumba, na hospitali ikashughulikia maji, vyoo na mbu. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa aje na ndugu, angalau mmoja. Ndugu huyo anapika, anafua, asubuhi anamleta mgonjwa hospitalini kwa dawa au matibabu ya mshtuko wa umeme, mchana wanarudi kijijini. Jioni mgonjwa anakaa barazani kama mtu yeyote, watoto wa mwenye nyumba wakipita na ndoo. Lambo aliajiri pia waganga wa jadi, siyo kuwaachia sindano, bali kumsaidia kuelewa familia zinauelezaje ugonjwa na kuendesha shughuli za pamoja zenye maana kwao.

Hili lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. London na Paris wakati huo bado zilikuwa na hospitali zenye kuta na maelfu ya watu ndani, na ndugu walikuja siku ya kutembelea tu. Huku mtu wa Abeokuta anakwambia ndugu ni sehemu ya matibabu, na kijiji ndiyo wodi. Katika maandishi yake alizipinga wazi nadharia za Carothers. Mwaka 1961 Abeokuta ikawa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Afrika nzima wa madaktari wa akili, na wageni kutoka ng'ambo wakaenda kuviona vijiji vile kwa macho yao. Lambo akapanda hadi kuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lilelile lililochapisha kitabu cha mwenzake wa Nairobi. Nakiri nilipofika hapo nilicheka peke yangu maktaba, mtu wa meza ya jirani akanigeukia.

Lakini kisha nikamkumbuka shangazi, na kicheko kikakata.

Angalia tena lile sharti: mgonjwa aje na ndugu. Ndugu gani? Aliyeacha shamba la nani, watoto akawaachia nani, kwa miezi mingapi? Mwenye nyumba alilipwa kodi. Daktari alilipwa mshahara. Muuguzi vilevile. Mtu pekee katika mpango mzima ambaye kazi yake haikuwa na bei ni yule aliyelala chumba kimoja na mgonjwa. Na uamuzi kwamba mpango uwe hivyo ulitoka kwa Lambo, mtu mwenye akili na huruma, lakini mmoja. Ndugu walikuwa ndani ya mpango bila kuwa wapangaji. Naheshimu sana Aro, ila nadhani tumeirithi zaidi upande huu kuliko ule mwingine. Wodi zetu nyingi leo zinamhitaji «ndugu wa mgonjwa» afue, alishe, akanunue dawa duka la nje zikikosekana, halafu wakati wa kikao cha wodi mpya yeye anaangalia sambusa zikipita.

Kwa hiyo kuwapo ni jambo moja, na kuwa na sauti ni jingine. Nilipotafuta mahali ambapo mgonjwa mwenyewe alipewa sauti, njia ilinitoa Afrika kidogo, ikanipeleka Italia.

Mwaka 1961 Franco Basaglia alikabidhiwa hospitali ya akili ya Gorizia, mji wa mpakani. Sehemu ya ukuta wa hospitali ndiyo ilikuwa mpaka wenyewe na Yugoslavia. Zaidi ya watu mia tano walikuwa ndani. Inasimuliwa kwamba asubuhi ya kwanza muuguzi mkuu alimletea daftari la wagonjwa waliofungwa vitandani usiku ule, aweke sahihi kama kawaida. Akakataa. Pole pole milango ikaanza kufunguliwa, wodi moja baada ya nyingine. Na kufikia katikati ya muongo huo kulikuwa na jambo ambalo halijazoeleka hadi leo: mkutano wa hospitali nzima, kila asubuhi, wagonjwa, wauguzi na madaktari katika chumba kimoja, na mwenyekiti akiwa mgonjwa.

Usidhani ilikuwa mikutano mizuri. Waliohudhuria wameandika kwamba kulikuwa na kelele, watu wakitoka na kuingia, mtu anarudia jambo lilelile wiki nzima. Walibishana kuhusu malipo ya kazi, kuhusu baa ya hospitali, kuhusu safari, kuhusu wodi zilizobaki zimefungwa. Ubishi ule ndio uliokuwa kazi yenyewe. Mtu aliyenyimwa hata uma wa kulia kwa miaka ishirini sasa anamwambia daktari, mbele ya watu wote, kwamba amekosea.

Mwaka 1971 Basaglia akahamia Trieste, hospitali ya watu kama 1,200. Huko ndiko kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Hospitali ilikuwa na farasi mzee, Marco, aliyevuta mkokoteni wa nguo chafu. Mwaka 1972 ikaamuliwa achinjwe, kwa kuwa gari lilikuwa linachukua kazi yake. Wagonjwa wakamwandikia rais wa jimbo barua kana kwamba farasi mwenyewe ndiye anayeomba: nimefanya kazi miaka mingi, nipeni uzee wa heshima. Ombi likakubaliwa. Mapema mwaka 1973, wakisaidiana na wasanii, wakatengeneza farasi mkubwa wa bluu kwa mbao na karatasi, wakamwita Marco Cavallo, wakaweka matakwa yao tumboni mwake, wakaamua kumtoa mjini. Farasi hakupita mlangoni. Alikuwa mrefu mno. Wakabomoa sehemu ya mlango, wakatoka naye barabarani, mamia ya watu nyuma yake.

Tarehe 13 Mei 1978 Bunge la Italia likapitisha sheria namba 180, ya kuzifunga hospitali za akili za namna ile na kuhamishia huduma mitaani. Basaglia alifariki mwaka 1980. Na hapa ndipo nilipomwona tena yule mtu aliyesahaulika. Mikutano ya Gorizia ilikuwa ya wagonjwa na wafanyakazi. Mwaka 1968 mgonjwa aliyepewa ruhusa ya siku moja alimwua mke wake nyumbani. Basaglia alishtakiwa, baadaye akaachiwa. Sitaki kulitumia tukio hilo kuwatisha watu, maana wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Nauliza tu: mke alikuwa na kiti wapi katika mkutano ule wa asubuhi? Baada ya 1978, Trieste ilikuwa na vituo vilivyo wazi saa 24, lakini sehemu nyingi za Italia vituo vilichelewa kwa miaka, na mtu aliyeruhusiwa alirudi kwa mama yake mzee. Ndugu wakaunda vyama. Wengine walitaka kuta zirudi. Wengine walitaka sheria ibaki ila ilipiwe. Wote walikuwa wanasema kitu kimoja kwa lugha mbili: mlipanga kuhusu nyumba zetu bila kubisha hodi. Franca Ongaro, mjane wa Basaglia na mwandishi mwenzake, aliingia Seneti mwaka 1983 na akatumia muda wake mwingi huko kudai sheria ile itekelezwe kwa vitendo.

Uholanzi walikwenda njia isiyo na farasi wala mashujaa, pengine ndiyo maana haisimuliwi sana. Miaka ya 1970 mabaraza ya wagonjwa yalianza ndani ya hospitali za akili. Mwaka 1985, katika mkutano uliofanyika Brighton, wajumbe wa Kiholanzi wakawasimulia Waingereza, na muda mfupi baadaye Nottingham ikawa na baraza lake. Mwaka 1996 Uholanzi ikatunga sheria: taasisi ya huduma lazima iwe na baraza la wanaohudumiwa, na baraza lina haki ya kutoa ushauri kabla ya maamuzi makubwa, yakiwemo ya bajeti na ya kuunganisha hospitali. Neno muhimu hapo ni «kabla». Sanduku la maoni, hata lenye kufuli zima, hufunguliwa baada.

Na kwetu? Mwaka 2005 watu waliopitia huduma za akili kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kampala wakaunda mtandao wao. Mwaka 2011 wakatoa tamko lao Cape Town, wakisema wamechoka kusemewa. Kenya ina chama chao tangu muongo huo wa 2000. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya na Uganda waliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unasema katika ibara ya 4 kwamba serikali itashauriana kwa karibu na watu wenye ulemavu, kupitia vyama vyao, katika maamuzi yanayowahusu, na ulemavu unaotokana na maradhi ya akili umo. Yaani kwenye karatasi, kikao cha sambusa bila mgonjwa hakijakamilika.

Wiki iliyopita nilimpigia shangazi. Nilimwambia nafanya kama wale wa Uholanzi, namwuliza kabla. Ungepewa kiti kwenye kile kikao, ungesema nini? Akanyamaza, nami nikakumbuka wanaume wa Blida, nikasubiri. Kisha akasema siku ya kliniki ibadilishwe, maana inaangukia siku ya gulio na yeye ndipo anapopata hela ya nauli ya kumpeleka. Akasema pia wawe wanampigia simu siku moja kabla ya kumruhusu mtoto, asiwe anamkuta amesimama getini na mfuko wa rambo. Nikamwuliza kama kuna la tatu. Akasema subiri, ngoja nimwite mwenyewe, naye ana lake kuhusu zile dawa za asubuhi.